Aliyechukua Sauti ya Séverine

Mimi simwamini mtu upesi, wala sioni haya kusema. Nimeuza vitenge soko la Kashaulili tangu Tamimu wangu akiwa mgongoni, na sasa Tamimu ana ndevu. Sokoni nimejifunza kwamba mteja anayesifu sana kitambaa hanunui, anayekiponda ndiye mwenye nia, na anayeanza kwa kuapa kwamba yeye ni mkweli, huyo ushike mkoba wako. Kwa hiyo siku Libérate alipopata meza ng'ambo ya kichochoro, akamwaga dagaa wake wa Ikola, kisha akaja kunisalimia kwa mikono miwili huku ameinama kidogo, nilijiuliza palepale: huyu anataka nini kwangu?

Hakutaka kitu. Hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Harufu ya dagaa ilikuwa inaingia kwenye vitenge vyangu, nikamwambia hivyo bila kupaka mafuta. Kesho yake alikuja na turubai, akalitundika upande wangu. Mtu asiyejibu ukali kwa ukali ni wa kuchunguzwa, nami nikaanza kumchunguza.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kirundi, baba yake akilima tumbaku. Walipopewa uraia alikuwa tayari anaitwa Mama Upendo. Akahamia mjini, akapanga chumba Makanyagio. Mumewe Hezron akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na mpaka leo anayerudi ni Hezron, dhahabu hatujaiona. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, ila herufi moja ilimshinda. Ulimi wake haukuijua L. Kila penye L aliweka R. "Mama Tamimu, dagaa wa reo ni wazuri, onja." Wabeba mizigo walipita wakimwiga: wa reo, wa reo! Yeye akacheka nao. Mtu anayecheka anapochekwa nilimwekea alama ya kuuliza.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Libérate ilikuwa hiyo R. Lakini tuambiane ukweli, mwenyeji hapa mjini ni nani? Baba yangu Mnyamwezi wa Tabora, mama yangu Mmanyema wa Ujiji. Muulize yeyote pale sokoni babu yake amezikwa wapi, atakutajia mji mwingine. Wenyewe hasa ni Wabende na Wakonongo, na wao wako mashambani kwao wanatutazama tunavyoulizana.

Kitu kimoja Libérate alikipenda waziwazi, nacho ni kwaya ya kigango chao, kanisa lao dogo. Aliimba sauti ya pili. Ikifika Jumamosi jioni alifunika dagaa, akanawa mikono kwa ndimu hadi kwenye viwiko, akaondoka mbiombio. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kwaya siyajui, lakini jirani wa meza huwezi kumzibia masikio. Akanieleza. Kigango kilikuwa kinakaribia kutimiza miaka hamsini, askofu angekuja, na mwalimu wao wa kwaya, kijana mmoja mkali anayeitwa Edgar, alitunga wimbo wa jubilei. Katikati ya wimbo kinanda kinanyamaza, wote wananyamaza, na sauti ya pili wanaingia peke yao: Tulilala njaa, ukatulisha.

Mstari wenyewe ni huo tu. Lakini L zimejaa humo kama mawe kwenye mchele. Libérate alipoimba ilitoka "Turirara njaa, ukaturisha", kwaya nzima ikaangua kicheko. Edgar hakucheka. Alisema tu kwamba ikifika siku ya mazoezi ya mwisho, ambaye hajaushika mstari ule hatasimama na kwaya siku ya jubilei, atakaa kwenye benchi na waumini.

"Sasa benchi lina ubaya gani?" nikamuuliza. "Si utamwona askofu vizuri zaidi?"

Alikuwa anachambua mchanga kwenye dagaa, akaacha. "Mama Tamimu, nikiwa naimba, hakuna anayeniuriza nimetoka wapi. Nikikaa benchi wataanza tena."

Niliona macho yake yamejaa, nikageukia vitenge vyangu. Sipendi mtu anilize mchana.

Shida yake haikuwa herufi peke yake. Edgar alikuwa anaandika nota ubaoni, na Libérate nota hakuzijua. Alijifunza kwa kusikia, na akifika Makanyagio wimbo umeshamtoka. Simu yake ilikuwa ya kitochi, haina nafasi ya kitu. Na hata simu kubwa zilipigwa marufuku mazoezini kwa sababu zilikuwa zinalia katikati ya sala. Ndipo akaenda kwa Safari, fundi redio wa karibu na stendi, akarudi na rekoda.

Kilikuwa kidude cheusi cha kukaa kiganjani, zamani inasemekana kilikuwa cha mtu wa habari. Kina kitufe cha kunasa sauti, kitufe cha kuchezesha, na kitaa chekundu kinachowaka kikiwa kinasikiliza. Kitufe cha kuruka mbele kilikuwa kimekufa. Unaweza kubadili kutoka unasaji mmoja hadi mwingine, lakini ukitaka kusikia kitu kilichoko katikati, lazima uanze mwanzo wake na ungoje. Edgar alimruhusu kwenda nacho mazoezini. Kwa hiyo Jumamosi akawa ananasa mazoezi, na siku nyingine zote akawa nacho mezani, kidubwasha chake cha waya sikioni, akisikiliza na kuchambua dagaa.

Soko lilikiona kitaa kile kabla ya mimi. Rahim, muuza viungo, akaja kuninong'oneza: "Dada Zuleha, angalia mdomo wako. Huyo mama anaturekodi. Utaona, watu wa kodi watatua hapa na kila tulichosema." Muuza nyanya akaacha kutaja bei kwa sauti. Wawili waliokuwa wakigombana juu ya kivuli cha mwavuli wakahamia nyuma ya choo kugombana vizuri.

Mimi sikunong'ona, mimi niliweka mtego. Nilimngojea awashe kitaa, nikamwita muuza maandazi, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba yule fundi cherehani aliyefiwa na mkewe ameniposa na mimi nafikiria. Uongo mtupu. Muuza maandazi nilimwambia pembeni kwamba ni mtego, na huyo namwamini kidogo, maana ni kiziwi sikio moja. Sokoni kwetu neno likisemwa upande wa samaki hufika upande wa nguo kabla chai haijapoa. Nikangoja. Hakuna aliyeniuliza. Hata fundi mwenyewe alipita bila kunitazama, jambo lililonikera kuliko nilivyotarajia. Basi nikajua kidude kile, chochote kilichokuwa, hakikuwa na mdomo.

Lakini palikuwa na jambo la pili, na hilo lilinisumbua. Libérate alianza kunuiza. Alikuwa anawasha kitaa, anakileta karibu na midomo, anafumba macho, na anasema kwa sauti ya chini: "Ra. Ra. Rla. Ra." Kisha anakiweka sikioni, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaanza upya. "Ra. Ra." Mkono mmoja umezama kwenye dagaa. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa kichochoro. Rahim akasema dagaa wale wamesomewa kitu. Nilimwambia aache ushirikina, lakini siku hiyo mboga yangu nilinunua mchicha.

Sasa, wanakwaya wana lugha yao. Mtu akijifunza sehemu yake ya wimbo mpaka akaikamata, wanasema amechukua sauti. "Umechukua sauti?" "Bado, nitachukua Jumamosi." Ni maneno ya kila siku kwao. Na kwenye sauti ya pili aliyekuwa anachukuliwa sauti na wenzake ni Séverine, mwanamke mrefu mwenye duka la mikate, aliyeimba mpaka wapita njia wakasimamisha baiskeli. Wazazi wa Séverine walivuka ziwa kutoka Kongo, lakini hilo hakuna aliyewahi kulitaja. Mwenye sauti kama ile haulizwi kwao ni wapi.

Siku moja akaja Immaculata, mwenyekiti wa kwaya, kununua dagaa. Immaculata ni mwanamke anayetabasamu kwa meno ya mbele tu, na mimi vitenge vya sare za jubilei nilimuuzia nikimtazama mikono.

"Mama Upendo, wimbo umefikia wapi?" akauliza.

Libérate akafurahi kuulizwa. Akapigapiga kidude kile kwa vidole. "Dada Immacurata, sauti ya Séverine nimeichukua yote! Iko humu."

Nilimwona Immaculata akitazama kidude, kitaa chekundu kinawaka. Tabasamu likamwishia. Alisema amesahau pesa nyumbani, akaondoka akawaacha dagaa wakiwa wameshapimwa.

Wiki haikuisha, Séverine akakauka koo.

Ilikuwa kiangazi, jamani. Vumbi la barabara lilikuwa limelala juu ya kila kitu, watu wanachoma mashamba, moshi umetanda kutoka asubuhi mpaka jioni. Nusu ya mji ilikuwa inakohoa. Tamimu wangu alikohoa mpaka akashindwa kula, na hakuna aliyeuliza nani amempa kikohozi hicho. Lakini Séverine alikauka kabisa, akifungua mdomo inatoka hewa tu, na jubilei ikawa inabisha hodi. Neno likatoka kwenye kwaya likafika sokoni: yule Mrundi wa dagaa amemchukua Séverine sauti, ameifungia kwenye mashine, na mwenyewe amekiri mbele ya mwenyekiti.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili lilikuja kwa miguu yake. Siku ya Alhamisi niliwaona wanaingia kichochoroni, Immaculata mbele, wanawake wawili wa kwaya nyuma yake, na kati yao Séverine, kitenge kimezungushwa shingoni. Rahim akafunga mifuko yake ya pilipili. Watu wakaanza kusogea, wanajifanya wanachagua nyanya.

"Libérate," akasema Immaculata. Hakumwita Mama Upendo. "Tumekuja kwa amani. Rudisha sauti ya mwenzako, hiyo mashine tuivunje, na kwaya uache mwenyewe bila kufukuzwa. Askofu asikute mambo haya."

Libérate alikuwa kama hajaelewa. Akamtazama Séverine, akatazama kidude mkononi mwake, kisha nikaona neno limemfikia. Akakaa juu ya gunia.

"Dada Immacurata, kuchukua sauti ni kujifunza. Wewe mwenyewe unasema hivyo."

"Mimi nachukua kwa masikio. Wewe umechukua kwa kitu gani?"

Hapo nikavuka kichochoro. Siwezi kusema nilivuka kwa upendo. Nilikuwa nimekichunguza kidude kile muda mrefu, na sikutaka mtu mwingine afike kwenye ukweli wake kabla yangu. "Kabla hamjavunja," nikasema, "kichezeshwe hapa, kwa sauti kubwa, sote tusikie. Kama sauti imo, itatoka yenyewe."

"Hapana," akasema Libérate.

Alisema upesi mno. Akakificha kidude chini ya kanga. Nikajisemea, Zuleha, mtego wako ulikuwa wa kitoto, huyu ana kitu. Immaculata naye aliona. "Unaona? Anaficha."

"Mama Upendo," nikamwambia polepole, "usipokichezesha, leo mimi sitakutetea. Na nitakuwa wa kwanza kutokula dagaa wako."

Akakitoa, akachomoa kidubwasha cha sikioni, akabonyeza.

Kwanza viti vikaburutwa. Akina mama wanasalimiana, mtoto analia mbali. Alikuwa amewasha mapema, asikose mwanzo wa mazoezi. Kisha ikasikika sauti ya Immaculata, wazi kabisa, kana kwamba yumo ndani ya gunia la dagaa: "Huyu Mrundi wetu tutamvumilia mpaka lini? Uraia walimpa, ulimi wakasahau kumpa. Askofu akisikia hiyo turirara, atadhani tumekodi watu kutoka Bujumbura." Wakacheka. Kicheko kimoja kilisikika juu ya vyote, cha Séverine, na hata kwenye kucheka sauti yake ilikuwa nzuri.

Rahim alishika mizani, haipimi kitu. Séverine aliinamisha uso ndani ya kitenge chake.

Rekoda ikaendelea. Edgar akagonga meza, akasema sauti ya pili jiandaeni, kinanda kikatoa nota. Na Séverine akaimba. Tulilala njaa, ukatulisha. Mimi nisiyejua kwaya nilisikia nywele za mikono zikisimama. Mwanamke yule alikuwa amesimama pale mbele yetu bila sauti, na sauti yake ikawa inatoka kwenye kidude, nzima, haijapungua. Akasogea, akainama sikio karibu nayo. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ndivyo ninavyoimba," akasema kwa mnong'ono.

Halafu Libérate akabadilisha, akachezesha kingine, nacho kilikuwa yeye mwenyewe. Ra. Ra. Rla. Ra. Hapana. Ra. Nyuma yake nilijisikia mimi nikimfokea mteja. Ra. La. Kimya. La. Kisha kicheko kidogo cha mtu aliye peke yake. Kumbe ndiyo yale manuizo yaliyonifanya nile mchicha. Mwanamke mtu mzima alikuwa anajifunza herufi moja, anajinasa, anajisikiliza, anajisahihisha.

Lakini mimi nilikuwa bado kwenye ile ya kwanza. Nikakumbuka kitufe cha kuruka mbele. "Mama Upendo," nikasema, "kila ukitaka kuusikia wimbo, lazima upite kwenye yale maneno?"

"Kira siku," akasema. "Wimbo uko mbere yake."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwaya si yangu wala maneno si yangu.

Immaculata alikohoa. Akajaribu lile tabasamu la meno ya mbele. "Basi, Mama Upendo, mimi nilikuwa natania, unanijua. Yaishe. Wewe futa hayo maneno hapo, Jumapili ya jubilei tutakusimamisha nyuma, ufungue mdomo tu bila kutoa sauti, na sisi tutasahau kila kitu."

Libérate alisimama kutoka kwenye gunia. Akajifunga kanga vizuri.

"La," akasema.

Nyumbani kwetu tunalitumia sana neno hilo, la, la hasha. Yeye sikuwahi kumsikia akikataa kwa neno hilo, alikuwa anasema hapana kama watu wengine. Ilikuwa L safi, ya kunyooka, haina R hata chembe.

"Siwezi kufuta," Libérate akaendelea, na R zikarudi zote kwa pamoja. "Yare maneno yenu na wimbo viko mahari pamoja. Nikifuta maneno, na sauti ya Séverine inaondoka. Mimi naitaka hii sauti. Yare maneno nimeshayazoea."

Séverine ndiye aliyemaliza. Alimshika Immaculata mkono na kunong'ona, nasi tukainama kusikia. "Sauti yangu hairudi kabla ya Jumapili. Mwenye nayo ni yeye. Asimame mahali pangu."

Immaculata akasema hayo ataamua Edgar. Edgar, naambiwa, kwenye mazoezi ya mwisho hakuongea sana. Alimwambia Libérate aimbe mstari, akaimba, akamwambia arudie, akarudia. Akawageukia wale wa sauti ya pili waliobaki, Immaculata akiwa mmoja wao, akawaambia wamfuate huyu.

Jumapili ya jubilei nilipita pale kigangoni. Sikwenda kusikiliza kwaya, nilikwenda kuhakikisha kwamba sare walizoshona ni vitenge vyangu kweli, maana nilishuku Immaculata amechanganya na vya duka jingine. Nilimwambia kijana wa bodaboda azime pikipiki, nikasimama nje ya wigo. Vitenge vilikuwa vyangu, isipokuwa cha mwenyekiti mwenyewe, rangi imepauka upande. Nilijua.

Kinanda kikanyamaza. Nikashika kijiti cha wigo. Libérate alikuwa mbele, mahali pa Séverine, akavuta pumzi. Tulilala njaa. Zote zilikuwa L, moja baada ya nyingine, safi, na wenzake nyuma yake wanamfuata kila silabi kama waliofungwa kamba moja. Kisha nadhani furaha ilimzidi, ulimi ukakumbuka Katumba.

"Ukaturisha!" akaimba.

Na sauti ya pili nzima, waliomfuata kwa masikio kama walivyoamriwa, wakaimba ukaturisha, na aliyeipaza juu kuliko wote alikuwa Immaculata.